Modi ya Thelathini na Moja

Ipyana alinipigia simu Jumapili, nimetoka kanisani na viatu bado viko mguuni. Alikuwa Saza, machimboni, na mtandao wa kule ulikuwa unakatika kila baada ya sentensi mbili. Tuliongea ya kawaida: mafua yake, mbolea ya mama, kelele za mwenye nyumba wangu. Mwishoni akasema, "Dada, kuna kitu nimeandika. Kiko Ikinga, chumbani kwa mama, ndani ya sanduku. Ukipata nafasi fungua usome. Umsomee na mama."

Nilijua anasema Ikinga ipi. Si ile ya Ileje tulikozaliwa, ambako mama anaishi mpaka leo. Alisema ile aliyoijenga mwenyewe ndani ya mchezo wa kompyuta. Kompyuta ilikuwa kwangu, Tunduma, chini ya kitanda. Nikamwambia wiki hii nina sare za shule za kushona, nitaangalia Jumamosi.

"Haina haraka," akasema.

Alhamisi duara, shimo la wachimbaji, aliloshukia liliporomoka. Walimtoa kesho yake saa nane mchana. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mimi nimemzidi mitatu. Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau kipi kilitangulia kipi, na sitaki kupoteza na hilo.

Mchezo wenyewe una jina refu la Kiingereza. Sisi tuliuita Pori. Unaanza ukiwa peke yako, mikono mitupu. Usipopata maji unakufa, usipopata kuni baridi inakuua, na giza likiingia wanyama wanakufuata. Ipyana aliucheza miaka minne, lakini hakuucheza kama ulivyotengenezwa. Kuna watu huko duniani, watu wa kawaida tu, wanaotengeneza vipande vya kuongeza kwenye mchezo na kuviweka mtandaoni kila mtu achukue. Vinaitwa modi. Modi moja inaleta mahindi, nyingine inaleta mvua, nyingine inaondoa nyoka. Unachagua, unapakua, unaweka kwenye folda yake, na ukifungua mchezo unakuta mambo yamebadilika.

Kwa modi hizo Ipyana aliligeuza pori la theluji likawa Ikinga. Aliweka milima mahali pake. Aliweka migomba, kahawa, mbaazi, njia ya kwenda mtoni yenye kona mbili. Kanisa alilitundikia ringi ya gari badala ya kengele, kama la kwetu. Nyumba yetu aliijenga kwa matofali ya kuchoma na kuiezeka bati, ingawa ile ya kweli jiko lake ni la nyasi hadi sasa.

Alinifundisha kuchagua. "Moja moja," alikuwa akisema. "Weka moja, fungua mchezo, uone kama unasimama imara. Ukiweka kumi kwa pamoja ukaanguka, utamlaumu nani?" Alisema pia kwamba modi inaweza kuwa nzuri na bado isikufae, kwa sababu imetengenezwa kwa toleo jingine la mchezo, au kwa sababu inagombana na uliyonayo. Aliniruhusu nichague moja iwe yangu. Nikachagua kuku. Wale kuku walizaana mpaka kompyuta ikawa inahema, naye akalalamika wiki nzima.

"Dada umeniletea balaa. Mashine inapumua kama lori linapanda mlima."

"Wachinje basi."

"Siwezi. Nimeshawapa majina."

Mama hakuupenda mchezo huo. Mwaka mpya tulipokuwa wote nyumbani alimwambia mbele ya wageni, "Raphaeli mwenzako ameezeka nyumba kwa dhahabu ya Saza. Wewe unajenga nyumba ambamo mtu hawezi kulala." Watu wakacheka. Ipyana naye akacheka. Tarehe nne Januari akaondoka kwenda Saza. Mwisho wa mwezi alirudi kwangu siku tatu na malaria, akashinda kitandani na kompyuta mapajani. Nilidhani anacheza. Sasa naamini ndipo alipoandika.

Tulimzika Ikinga. Nilipomwambia mama kuhusu ile simu, alinishika mkono akanivuta nyuma ya nyumba, mbali na watu.

"Aliandika nini?"

"Sijasoma, mama."

"Ukisoma usinifiche. Utaniletea siku ya arobaini, kabla ya ibada. Nataka kusikia mtoto wangu alisema nini." Akaniachia mkono. "Hata kama ni juu yangu."

Tangu hapo nilijua anachoogopa. Hakukitaja tena na mimi sikukitaja.

Kwenye ukoo wetu vitu vya marehemu haviendi kwa mtu mwingine kabla havijasafishwa. Nguo zinafuliwa, godoro linaanikwa, hata jembe linaoshwa. Mwenye kazi hiyo ni shangazi. Shangazi Rozi alifua mashati ya Ipyana kwa mikono yake, akayanyoosha, akayagawa kwa binamu zetu. Mimi niliomba kompyuta, niliyokuja nayo kutoka Tunduma, na hakuna aliyepinga. Lakini shangazi akasema lazima nayo isafishwe.

"Kitu cha marehemu hakipokelewi na jasho lake, Enesi. Nitaipeleka kwa fundi atoe michezo yake na vurugu zake, upokee kitu safi."

"Shangazi, mchezo ndio ninaoutaka."

"Utakuja kuniambia mtoto anakusumbua ndotoni."

Sikuweza kumbishia. Alikuwa hajalala siku nne, akipika na kuosha kwa ajili yetu. Nikaomba aniachie kompyuta siku moja. Kuingia na kusoma katikati ya msiba sikuweza, nikaona niibebe Ikinga nikaisome nikirudi kwangu. Pale kwenye kioo palikuwa na picha ndogo ya nyumba, chini yake imeandikwa Ikinga. Ipyana alikuwa akiibonyeza hiyo ili kuingia. Nilichomeka flashi yangu nikaibeba ile picha na kuidondosha ndani ya flashi. Ilinakiliwa haraka kuliko nilivyotegemea. Nikashukuru, nikaivaa flashi shingoni pamoja na funguo, nikampa shangazi kompyuta.

Fundi aliirudisha imefutwa na spiriti, herufi zinang'aa. Shangazi alinikabidhi kwa mikono miwili, ameridhika, kama amemwogesha mtoto. Niliiwasha. Pori halikuwepo, picha ya nyumba nayo haikuwepo.

Niliporudi Tunduma, zikiwa zimebaki siku kama kumi kufika arobaini, nilikwenda kwa Clever. Ana kibanda cha kupiga picha za pasipoti, kuchapa fomu za madereva na kujaza nyimbo kwenye flashi, upande wa barabara malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka. Yeye ndiye aliyempa Ipyana mchezo huo, na walikuwa wakibishana juu yake kila walipokutana. Msibani alikuja, akachimba kaburi na wenzake, akaondoka bila kuaga.

Nilimweleza. Alifungua kompyuta, akazunguka ndani yake, mara akapiga meza kwa kiganja.

"Ipo, dada. Huyo fundi alifuta mchezo tu. Dunia yake iko kwenye folda iliyofichwa, hakuiona."

"Kwa hiyo tunaweza kuingia?"

"Tuurudishe mchezo kwanza. Toleo lilelile, mimi ninalo."

Aliurudisha. Tulipotaka kuingia Ikinga, mchezo ulituletea maandishi: dunia hii ilihifadhiwa ikiwa na modi thelathini na moja, na zote hazipo. Chini yake ikafuata orodha ya majina. Clever akatikisa kichwa.

"Kaka yako alikuwa anajaza modi kama mtu anafunga tenga la nyanya. Hii ya upepo ya nini? Nilimwambia inakula mashine."

"Alisema bila upepo migomba inaonekana ya plastiki."

"Mbishi yule."

Niliinakili orodha kwenye daftari langu la vipimo vya nguo, nyuma ya vipimo vya sare. Kuanzia siku hiyo, kila nikimaliza kushona saa tisa, nilikwenda kibandani. Clever alitafuta mtandaoni huku akihudumia wateja, mimi nikiweka alama ya tiki. Kila modi ilikuwa na matoleo mengi, na tulihitaji lile la Ipyana, si jipya wala lililosifiwa zaidi. Tuliweka moja, tukafungua mchezo, tukaangalia kama unasimama, tukaenda nyingine. Mara nyingine ulianguka, kioo kikawa cheusi, tukatoa ya mwisho na kuanza kutafuta inagombana na ipi.

Clever alikuwa na tamaa ya kuongeza. Akiona modi nzuri macho yanamtoka.

"Dada, ona hii. Inaleta ng'ombe, wanakamuliwa kabisa. Tuiweke?"

"Iko kwenye orodha?"

"Haipo. Lakini Ipyana angeipenda."

"Kama haipo, haipo."

"Wewe ni kama afisa wa forodha."

Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa anasubiri picha zake alicheka, akamwambia Clever, "Sikiliza bamayo, mama huyu ndiye mwenye mali." Nami nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu mazishi, na nilijisikia vibaya njia nzima ya kurudi nyumbani.

Katika orodha ile nilimjua mdogo wangu kwa namna ambayo sikumjua alipokuwa hai. Kulikuwa na modi ya kufupisha usiku. Kulikuwa na modi inayofanya mgeni akiingia nyumbani kwako njaa yake iishe. Kulikuwa na moja ambayo kazi yake ni kumfanya mbwa asizeeke. Siku ya tatu tulifika namba kumi na tisa. Clever alisoma maelezo yake kwa Kiingereza, akataka kupita kwenda inayofuata. Nikamuuliza inafanya nini.

"Si ya lazima hii. Tuiruke."

"Inafanya nini, Clever?"

Alijikuna shingo. "Inazuia mashimo yasiporomoke. Ukichimba chini ya ardhi miamba haidondoki."

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma na utingo wake akipiga bodi kwa mkono. Tulikaa tukilisikiliza mpaka liliposimama.

"Iweke," nikasema. "Alivyoiacha ndivyo iwe."

Akaiweka. Mchezo ukasimama vizuri, hata haukusita.

Alhamisi jioni tulikuwa na modi thelathini. Ya thelathini na moja ndiyo iliyokuwa ya maana kuliko zote. Hiyo ndiyo iliyomwezesha mtu kuandika: unatengeneza daftari, unajaza kurasa, unaliweka sandukuni. Tulipofika kwenye ukurasa wake tulikuta aliyeitengeneza ameiondoa. Mahali pake ameweka nyingine mpya, yenye daftari zuri zaidi na jalada la ngozi. Chini aliandika kwamba modi mpya inaweza kusoma madaftari ya zamani.

"Unamwamini?" nikamuuliza Clever.

"Watu hawa huandika tu. Wengine hawajaribu." Alifikiri. "Yonasi wa Nakonde anaweza kuwa na ile ya zamani. Ndiye aliyekuwa anatupakulia kipindi kile, ana diski imejaa takataka zote. Lakini yuko Kasama, anarudi Jumatatu."

Ibada ya arobaini ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa amenipigia asubuhi hiyohiyo. Hakuuliza kama nimepata. Aliuliza nitafika saa ngapi.

Nilirudi nyumbani nikakaa nikilifikiria jambo hilo. Ijumaa saa nne nilikuwa kibandani kabla Clever hajafungua. Nikamwambia tuweke ile mpya.

"Tungesubiri Yonasi," akasema.

"Mama ananisubiri mimi."

Hakubisha. Aliipakua, akaiweka, akanisogezea kompyuta ili niingie mwenyewe. Maandishi yakatokea tena, safari hii mafupi: baadhi ya vitu vya dunia hii havitambuliki na vitaondolewa. Chini palikuwa na vitufe viwili, cha kurudi na cha kuendelea.

Clever alikuwa ameshika kamera, dereva amekaa kwenye kigoda mbele ya kitambaa cha bluu. Aligeuka.

"Una kopi, eti?"

"Ninayo," nikasema, nikainua flashi shingoni nikamwonyesha.

"Basi endelea. Ikiharibika tunarudisha kopi."

Nikabonyeza kuendelea.

Ilichukua muda mrefu kufunguka. Kisha nikaiona Ikinga. Ilikuwa asubuhi, ukungu uko bondeni kama unavyokaa kwetu mwezi wa sita, na upepo ule wa kula mashine ukiitikisa migomba. Kuku walitoka chini ya ghala wakanijia, labda arobaini. Hakuwa amewachinja. Nilipita njiani kwa kona zake mbili. Nilipita kanisani. Nilijua pa kukanyaga, kwa sababu alivijenga vitu kwa umbali wake wa kweli, hatua kwa hatua, na mtu aliyekulia pale asingeweza kupotea.

Ndani ya nyumba alikuwa ameweka meza, viti vinne, na kalenda ukutani. Chumba cha mama kilikuwa na kitanda na dirisha linaloangalia kahawa. Sanduku lilikuwa chini ya dirisha. Nilimwambia Clever, "Lipo." Aliacha kamera akaja kusimama nyuma yangu, na dereva naye akaja.

Nililifungua. Ndani kulikuwa na daftari moja, na jina lake lilisomeka: Mama na Enesi. Pembeni pameandikwa kurasa tatu. Nikalifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe. Nikageuza, wa pili mweupe. Wa tatu mweupe. Nikarudi wa kwanza, nikageuza tena, polepole, kama vile nilikuwa nimeharakisha.

Pembeni ya kioo alama ndogo ilizunguka mara tatu ikapotea.

"Hiyo nini?" nikauliza.

"Mchezo umehifadhi," Clever akasema. "Unahifadhi wenyewe kila baada ya dakika chache." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Modi mpya haikuyasoma maandishi ya zamani. Imeona hayaeleweki, imeyatupa. Na sasa imehifadhi hivyo. Usijali, dada. Leta kopi."

Nikaivua flashi. Aliichomeka kwenye kompyuta yake, akafungua, akakaa akiiangalia. Ile picha ya nyumba ilikuwepo, na jina Ikinga chini yake. Kwenye kona ya picha kulikuwa na mshale mdogo mweupe uliojikunja. Nilikuwa nimeuona mshale ule miaka minne, nikadhani ni pambo.

"Dada," akasema. "Ulinakili hii tu?"

"Ndiyo. Si ndiyo Ikinga?"

"Hii ni alama ya kuonyesha njia. Inaiambia kompyuta dunia iko wapi, iende ikaifungue. Dunia yenyewe haimo humu." Alibonyeza mara nyingine mbili, akijua haitasaidia. "Ningeiangalia mapema. Ningekuomba niione."

"Hukujua."

"Ndiyo kazi yangu kujua."

Dereva aliuliza kama picha zake ziko tayari. Clever akamwambia hakuna picha leo, akalivuta pazia la kibanda, tukakaa ndani na joto lote lile. Hakunikumbusha kwamba alisema tungesubiri Yonasi.

Jumamosi nilipanda gari la alfajiri. Kutoka Itumba nilichukua bodaboda. Mama alikuwa ameketi jikoni peke yake, amevaa khanga mpya aliyopewa na kinamama wa kanisa. Alinipa kigoda, akangoja.

Nilimweleza yote, kuanzia flashi hadi kurasa tatu. Nilieleza kwa maneno rahisi, lakini niliona mahali alipoacha kunifuata.

"Kwa hiyo aliandika kurasa tatu," akasema.

"Ndiyo."

"Na jina langu lipo juu."

"Lipo. Mama na Enesi."

"Lakini maneno hayapo."

"Yamefutika, mama. Mimi ndiye niliyeyafuta. Nilibonyeza kabla ya wakati."

Aliangalia moto. "Jina libaki, kurasa zibaki, maneno peke yake ndiyo yaondoke."

"Ndivyo inavyofanya kazi."

"Enesi. Kama alisema ni mimi niliyemtuma kule, niambie. Nitakaa nalo. Nakaa nalo tayari."

"Sijui alisema nini. Naapa sijui."

"Tangu mdogo ulikuwa unamfichia. Akivunja chungu unasema ni paka." Alisema bila hasira. Alinyanyuka, akafunga khanga yake vizuri. "Watu wanafika. Njoo tutandike mkeka."

Wakati wa ibada mzee wa kanisa aliuliza kama familia ina neno lolote aliloacha marehemu. Watu walimwangalia mama. Akasema hapana, hakuna neno. Shangazi Rozi, aliyekaa karibu yangu, aliniminya goti kunifariji, na mkono wake ulinuka sabuni. Hakujua lolote la flashi wala la modi. Sijamwambia mpaka leo, na sina mpango wa kumwambia.

Jumatatu Yonasi alirudi kutoka Kasama. Alikuwa nayo. Alivuka mpaka kuileta mwenyewe, modi ya thelathini na moja, toleo lilelile la Ipyana. Tuliondoa mpya tukaiweka ile. Mchezo ulisimama bila kusita. Daftari lilirudi kwenye jalada lake la zamani, la kijivu. Kurasa zilikuwa tatu, nyeupe. Yonasi alijaribu mambo mengine saa mbili nzima, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Nakonde kwamba kitu kikiandikwa juu ya kingine, cha chini hakirudi. Akaomba radhi kama vile yeye ndiye aliyechelewa.

Nilitaka nimalizie hapo, lakini kuna la Juni.

Shangazi alinipigia akasema mama hali chakula. Kahawa inaivia mitini, hachumi. Anashinda chumbani, chini ya dirisha. Siku ile nilikaa na cherehani bila kushona hata mshono mmoja. Saa kumi nikampigia.

"Mama, Clever amefanikiwa," nikasema. "Maneno yametoka."

Nilisikia kigoda kikisogezwa. Kisha akasema, "Soma."

Nikasoma. Mbele yangu kulikuwa na ukuta. Sikuwa nimeyaandika popote, niliogopa nikiyaona kwa mwandiko wangu nitakuja kuamini ni yake. Nilisema Ipyana ameandika hivi: Mama, sikuja Saza kwa sababu ya maneno yako, nilikuwa nimeshaamua tangu Novemba. Nataka nikuezekee jiko kabla ya mvua. Usimsikilize Enesi, anapenda kukulalamikia juu yangu. Nilitia na utani ili afanane. Nilisema mafua yananisumbua lakini nakula vizuri. Nilisema nisalimie kuku.

Nilimsikia akipumua. Alikuwa analia taratibu, na mimi moyo ulifunguka kidogo, nikadhani nimefanya jambo jema.

"Rudia," akasema. "Pole pole."

Nikarudia. Nilikumbuka Novemba, nikakumbuka kutomsikiliza Enesi. Nikasema anataka kukuezekea nyumba kabla ya mvua.

"Mara ya kwanza ulisema jiko."

"Ni jiko, mama. Nimekosea kusoma."

Nikaendelea haraka, nikafika kwenye mafua, nikasahau kuku. Kwake nilisikia mlango ukifunguliwa na upepo, kisha ukijifunga.

"Enesi."

"Bee, mama."

"Ahsante, mwanangu. Usirudie tena."

Hakukata simu. Mimi pia sikukata. Tulikaa hivyo, kila mtu na upande wake, mpaka dakika zangu zikaisha zenyewe.